Nataka kufunga Siku ya Upatanisho ila nina deni la marehemu, naombeni ushauri

MamaNeema_Uyole
Jumatatu 14 Septemba 2026, saa 3:12 usiku

Habari za usiku wandugu, wakubwa shikamooni. Mwenzenu nipo Uyole hapa Mbeya, nauza mitumba Mwanjelwa. Tangu mwaka juzi nasali na familia chache za huku zinazoshika Sabato na sikukuu za kwenye Torati, hatuna jengo, tunakutana sebuleni kwa mzee mmoja, watu wazima tupo wanane tu na watoto.

Mwaka jana Siku ya Upatanisho iliangukia tarehe 1 Oktoba jioni mpaka tarehe 2, nikajaribu kufunga kama Walawi 23 inavyosema nikashindwa saa nane mchana, kichwa kiliniuma mpaka nikatapika, nikanywa maji nikakaa jikoni nalia peke yangu. Mwaka huu ni Jumapili hii tarehe 20 jua likizama mpaka Jumatatu tarehe 21 usiku na safari hii nataka nifike mwisho. Sasa naomba mwenye uzoefu aniambie nile nini kabla, nimesikia pia Wayahudi siku hiyo hawavai viatu vya ngozi, hivi ni kweli na ni kwa nini? Halafu mama mkwe ninayekaa naye ana kisukari anachoma sindano na amekomaa kwamba na yeye anafunga, nikimkataza anasema namzuia baraka. Na mtoto wangu wa miaka tisa naye anataka.

Lakini jamani hilo silo linaloninyima usingizi. Nina rafiki yangu, sasa hivi ni marehemu, tulikuwa kikoba kimoja miaka sita. Mwaka 2021 alinikopesha laki sita niongezee belo la masweta kabla ya baridi ya Juni, ilikuwa hela yake mwenyewe si ya kikoba kwa hiyo hata kwenye daftari haipo, alinipa mkononi tumekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda changu, hakuna karatasi hakuna shahidi. Belo lilipofunguliwa nusu yake ni vitambaa vya kupigia deki. Nikawa nampa maneno, mwezi ujao, mwezi ujao. Februari 2022 akaugua wiki mbili akafariki, tukampeleka kwao Kiwira tukamzika kwenye migomba ya baba yake.

Siku ya tatu binti yake akanifuata pembeni nyuma ya jiko, akaniuliza kwa adabu kabisa, mama mdogo, mama alisema una hela yake, ni kweli? Na mimi nikamjibu tulishamalizana na mama yako mwanangu. Akasema sawa mama mdogo akaendelea kuosha vyombo. Hajawahi kuniuliza tena mpaka leo na kila Krismasi ananipigia simu.

Naombeni mniambie, nikifunga siku nzima na nikatubu kweli kutoka moyoni, hili nalo linaondoka? Maana mwenyewe yupo kaburini nitamuombaje msamaha.

---

Mkulima_Arava
Jumatatu 14 Septemba, saa 4:05 usiku

Dada pole, na asante kwa kusema ukweli wako mbele za watu. Mimi ni mtu wa Makambako ila mwaka 2018 nilikuwa Israeli kwa mafunzo ya kilimo, kusini kabisa huko bonde la Arava, pilipili hoho na tende. Nikwambie nilichokiona kwa macho halafu nikujibu.

Siku ile nchi nzima inasimama. Siyo kama Jumapili yetu ambayo daladala zinaendelea, hapana, barabara kuu unaona watoto wanaendesha baiskeli katikati ya lami kwa sababu hakuna gari hata moja, uwanja wa ndege wa Ben Gurion unafungwa, redio na televisheni zinanyamaza. Na ile vita ya mwaka 1973 ilianza siku hiyo hiyo, tarehe 6 Oktoba, walivamiwa wakati watu wapo masinagogi na tumbo tupu.

Bosi wetu hakuwa mtu wa dini, Jumamosi alikuwa anawasha trekta kama kawaida. Lakini siku mbili kabla ya ule mfungo akaja kwenye vyumba vyetu jioni na daftari la saa za kazi, akakaa kwenye ndoo, akasema mwaka huu niliwafokea sana wakati wa mavuno, aliyeumia naomba anisamehe, halafu akafungua daftari akatuonyesha siku mbili za Juni ambazo hazikuhesabiwa akatulipa pale pale. Mimi nilishangaa nikamuuliza mwenzangu huyu kapatwa na nini leo. Baadaye ndio mzee mmoja wa pale akatueleza, na hili ndilo jibu lako dada: walimu wao wa kale waliandika kwenye Mishna, kitu cha karibu mwaka 200, kwamba makosa ya mtu na Mungu Siku ya Upatanisho inayafuta, ila makosa ya mtu na mwenzake haiyafuti mpaka kwanza umridhishe mwenzako. Yaani ufunge, ulie, usimame siku nzima kwa miguu, lile la laki sita litakuwa bado lipo pale pale lilipo. Sikwambii hivi kukutisha, ila ungeniuliza ukakuta nimekuficha ningekuwa nimekukosea.

Halafu angalia, leo upo ndani ya zile siku kumi zenyewe. Mwaka mpya wao ulianza Ijumaa jioni tarehe 11, na kutoka hapo mpaka siku ya mfungo ndizo siku za watu kutafutana, kupigiana simu, kulipana. Hujachelewa.

Viatu ni kweli. Wanajizuia mambo matano, kula na kunywa, kuoga kwa kujiburudisha, kujipaka mafuta, viatu vya ngozi na tendo la ndoa. Kiatu cha ngozi zamani kilikuwa ndio raha yenyewe ya mguu. Utaona mtu na suti nyeupe safi na chini kavaa raba za kitambaa au yeboyebo na wala hakuna anayemcheka. Wewe kandambili zako zinatosha kabisa.

---

SistaWodini
Jumanne 15 Septemba, saa 12:40 asubuhi

Natoka shifti ya usiku sasa hivi, nimesoma nikaona siwezi kulala bila kujibu hili la mama mkwe.

Dada, mama anayechoma insulini HAFUNGI masaa 25 bila chakula wala maji kwa uamuzi wake mwenyewe nyumbani, tafadhali sana. Nimepokea wagonjwa wa namna hiyo wanaletwa na bajaji usiku, sukari imeshuka, anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki, familia wanadhani ni mapepo wanamuombea kwanza nusu saa ndio wanamleta. Na akiacha sindano kwa sababu hajala, sukari nayo inaweza kupanda vibaya, kwa hiyo pande zote mbili ni hatari. Mpeleke kliniki yake kabla ya Ijumaa aongee na daktari wake. Na kwa kuwa yeye anajali dini, mwambie sheria ya Wayahudi wenyewe ndiyo inasema hivyo, kwao kuokoa uhai kunatangulia mfungo, mgonjwa akiambiwa ale anakula na hajavunja siku, tena kufunga ndio kosa. Nilifanya kazi na daktari mmoja Myahudi aliyekuja kujitolea, ndiye alinieleza. Alisema kuna wagonjwa wanaruhusiwa kunywa kidogo kidogo, funda dogo halafu unasubiri dakika kadhaa, lakini hiyo nayo kwa kuelekezwa na daktari siyo kujipimia.

Kama wewe mwenyewe una presha na unameza dawa, usiache dozi. Uliza.

Mtoto wa miaka tisa apewe chakula. Kwao binti anawajibika kuanzia miaka 12 na mvulana 13, huyu akitaka mcheleweshee chai ya asubuhi masaa mawili atafurahi kwamba na yeye ameshiriki, basi.

Sasa wewe. Kile kichwa cha mwaka jana nina uhakika mkubwa kilikuwa chai. Unakunywa vikombe vingapi kwa siku hapo Mwanjelwa? Wanywaji wa chai ya rangi na kahawa wakikatiwa ghafla kichwa kinapasuka. Anza leo kupunguza, nne, tatu, mbili, ikifika Jumapili uwe na kimoja cha asubuhi. Jumapili kunywa maji kuanzia asubuhi taratibu, siyo lita mbili saa kumi na mbili jioni utaishia kukojoa tu. Chakula cha mwisho kula mapema kama saa kumi na moja, wali wako wa Kyela na maharage, ndizi, parachichi, kuku wa mchemsho chumvi kidogo, achana na dagaa na pilipili na vya kukaanga. Wakati wa kufungua anza na maji na uji mwepesi, upumzike, ndio ule.

---

Abuu_Mbalizi
Jumanne 15 Septemba, saa 2:20 asubuhi

Assalaam aleikum na heshima kwa wote. Mimi Muislamu lakini mada imenigusa. Kwanza kwa faida ya wenzangu watakaosoma, huu mfungo usiufananishe na wetu, huku hakuna daku, wenzetu wanaanza jua likizama na usiku mzima ni mfungo, kwa hiyo ukikosa kula Jumapili jioni ndio basi mpaka kesho yake usiku. Kwa Mbeya siku hizi jua linazama kama saa 12 na dakika 40 na nyota, ambazo ndizo zinamaliza mfungo, zinaonekana kama saa moja na robo.

La pili dada, kwetu sisi pia hilo deni lako lina jina, ni haki ya mja. Toba ya kosa kati yako na Mola ina masharti yake, ila ikiingia haki ya mtu lazima uirudishe kwake au kwa warithi wake. Hata jeneza kwetu halipelekwi kuzikwa kabla ya kuulizwa nani anamdai marehemu na nani anadaiwa naye. Ulitakiwa useme siku ile. Sikulaumu, aibu ya msibani naijua, watu wote wanakutazama. Lakini binti ndiye mrithi na yupo hai, mshukuru Mungu kwa hilo, kuna watu wanatafuta wa kumlipa hawampati.

---

Mwinjilisti_Tukuyu
Jumanne 15 Septemba, saa 5:51 asubuhi

Bwana asifiwe. Dada yangu mbona unajitwisha nira ambayo Kristo aliishaiondoa? Walawi 16 ni mbuzi wawili, mmoja anachinjwa, mwingine anabebeshwa dhambi anapelekwa jangwani, na kuhani mkuu anaingia patakatifu pa patakatifu mara moja kwa mwaka. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, leo hakuna kuhani hakuna mbuzi. Waebrania 9 inasema Kristo aliingia mara moja tu, ikaisha. Tubu kwa Yesu, amini umesamehewa, uwe na amani.

---

Msabato_Ilomba
Jumanne 15 Septemba, saa 7:15 mchana

Mwinjilisti nakuheshimu ila hapo mwisho umempa dada njia ya mkato. Sisi Waadventista Siku ya Upatanisho tunaifahamu vizuri, historia yetu yenyewe imeanzia kwenye hesabu za siku hiyo, watu walipomngoja Yesu arudi tarehe 22 Oktoba 1844, na hatufungi kwa namna ya Wayahudi, tunaiona kama wakati wa kuchunguza moyo. Kwa hiyo kwenye kufunga au kutofunga nakubali watu watofautiane. Lakini Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 5 amesema ukiwa unaleta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale uende ukapatane naye kwanza. Zakayo naye hakuishia kuamini, alifungua mfuko. Ungekuwa ni wewe binti wa marehemu, mama mdogo wako anakwambia nimeshaongea na Yesu nina amani, ungejisikiaje?

---

Mwinjilisti_Tukuyu
Jumanne 15 Septemba, saa 8:02 mchana

Kwenye kulipa sijapinga ndugu yangu. Alipe. Nimeharakisha kuandika, nakiri.

---

MamaNeema_Uyole
Jumanne 15 Septemba, saa 3:30 usiku

Nimesoma zote, nimesoma na mume wangu, maana ilibidi nimwambie leo, alikuwa hajui miaka yote mitano. Alinyamaza muda mrefu sana halafu akaniuliza yule binti yupo wapi sasa hivi. Yupo Iringa, Kihesa, anafanya saluni.

Mama mkwe nilimsomea ya Sista neno kwa neno, kanuna lakini kesho tunaenda kliniki.

Chai nakunywa vikombe saba Sista. Sikuwahi kuhesabu.

Hela ninayo laki nne na nusu ya kikoba, tuligawana Julai. Je nimpelekee hiyo kwanza au nisubiri itimie? Na nimwambie nini kuhusu lile neno nililomjibu nyuma ya jiko? Naweza kusema nilipitiwa, nilisahau? Na je akikataa kunisamehe mfungo wangu unakuwa haufai?

---

Mzee_wa_Gangilonga
Jumatano 16 Septemba, saa 12:15 asubuhi

Kamwene binti yangu. Usimwambie ulisahau. Hukusahau, na yeye anajua hukusahau, ile sawa mama mdogo ya mtoto aliyefiwa siyo kwamba aliamini, alikuheshimu tu. Ukienda na uongo wa pili ni bora ubaki Uyole.

Usipige simu ukamwambia nina jambo nataka kuongea na wewe, utamkosesha usingizi akidhani kuna mtu mwingine amekufa. Panda basi alfajiri uje. Hela toa kwanza kabla ya maneno, kwa sababu mtu akiombwa msamaha huku hela haijaonekana anahisi anabembelezwa asidai, na kama haijatimia mtajie mwenyewe iliyobaki na tarehe utakayoleta. Usimkumbushe mema uliyomtendea mama yake. Usilie kabla yake, maana ukilia itabidi yeye ndiye akubembeleze na itakuwa umemkosea mara ya tatu.

Nimeishi miaka 71 na nimepatanisha watu wengi kwenye baraza la kata, hayo ndiyo niliyoyaona yanaharibu.

---

Mkulima_Arava
Jumatano 16 Septemba, saa 1:44 asubuhi

Mzee shikamoo, umenifundisha na mimi.

Dada nikujibu la akikataa. Mwanazuoni wao mkubwa Maimonides, huyu alifariki Misri mwaka 1204, ameandika kwamba aliyekosewa akikataa unarudi tena na watu watatu wamuombe pamoja na wewe, akikataa unarudi mara ya pili na ya tatu, ukishafika hapo akiendelea kukataa unaachia. Kwa hiyo mfungo wako haupotei kwa sababu binti hajawa tayari, ila huruhusiwi kujaribu mara moja ukasema nimemaliza wajibu. Na kuhusu aliyefariki ameeleza pia, kwamba unakwenda na watu kumi mpaka kwenye kaburi lake unasema mbele yao nimemkosea Mungu na nimemkosea fulani, nilimfanyia hivi na hivi, unataja. Na kama ulikuwa na hela yake unawapa warithi. Yaani utadhani aliandika kwa ajili yako.

Nyongeza nyingine soma Hesabu 5 kuanzia mstari wa 6. Mtu aliyemkosea mwenzake anakiri, anarudisha kitu chote na anaongeza sehemu ya tano juu yake. Mkopo wa kawaida usingeongeza kitu, lakini wewe uliulizwa ukakana, na hapo ndipo ile sehemu ya tano inapoingia. Kwa kulisoma andiko lilivyo, tano ya laki sita ni laki moja na ishirini, jumla laki saba na ishirini. Sikulazimishi, nimekuonyesha andiko.

Na Jumatatu mkiwa sebuleni, saa za alasiri someni Yona, ndivyo wanavyofanya, kitabu chote ni sura nne tu. Watu wa Ninawi walifunga mpaka ng'ombe wakafungishwa, lakini angalia 3:10, haikusemwa Mungu aliona magunia waliyovaa wala njaa yao, imesemwa aliona matendo yao, kwamba wameiacha njia mbaya. Wazee wao wa zamani siku za mfungo walikuwa wanasimama kuwakumbusha watu jambo hilo hilo.

Ukiungama ungama kwa wingi. Wao hawasemi nimekosa, wanasema tumekosa, tumesaliti, tumepora, wanakwenda kwa herufi kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho huku wanajipiga kifua taratibu, wote kwa pamoja, mwizi na asiye mwizi. Mimi nilipoelezwa maana yake nikiwa nimesimama mlangoni pale nilisikia kitu, maana hakuna aliyeachwa peke yake na lake.

---

MamaNeema_Uyole
Ijumaa 18 Septemba, saa 10:20 jioni

Nimerudi jana usiku, naandika haraka Sabato haijaingia.

Mume wangu aliuza debe kumi za mahindi akaongezea, ikafika laki saba na ishirini kamili. Nilipanda basi Uyole saa kumi na mbili, nikashuka Ipogolo saa sita na kitu, nikapanda daladala mpaka Kihesa. Nilimkuta anasuka mtu. Nikakaa kwenye benchi nikasubiri mpaka amalize, kama saa moja na nusu, aliniletea soda sikuweza kuinywa.

Mteja alipotoka nikaweka bahasha mezani nikamwambia hii ni hela ya mama yako, laki sita aliyonikopesha na laki na ishirini kwa sababu uliniuliza Kiwira nikakudanganya. Sikumwambia nilisahau. Akahesabu mpaka mwisho, taratibu, halafu akaniambia mama mdogo, mwaka ule nilikuwa natafuta laki nne za kuanza chuo cha uuguzi, nilizunguka kwa ndugu wote nikakosa. Akanyamaza. Mimi nikapiga magoti pale chini kwenye nywele nikasema naomba unisamehe. Akaniinua akasema inuka mama mdogo watu wanaona, hela nimeipokea, haya mengine niache kwanza.

Mzee sikulia mbele yake. Nililia kwenye basi kuanzia Mafinga mpaka Igawa.

---

Mzee_wa_Gangilonga
Ijumaa 18 Septemba, saa 11:02 jioni

Muache kweli, kama alivyokwambia. Hilo nalo ni deni, anadai muda.

---

SistaWodini
Ijumaa 18 Septemba, saa 11:30 jioni

Dada nimelia na mimi. Kliniki wamesemaje kuhusu mama? Na chai imefika vikombe vingapi?

---

MamaNeema_Uyole
Jumanne 22 Septemba, saa 2:05 asubuhi

Ndaga fijo wandugu, nimefika mwisho.

Sista, daktari alimkatalia mama mkwe moja kwa moja, akamwambia bibi wewe sadaka yako ni kula. Basi Jumatatu alikuwa anakula kwa saa zake, nusu sahani, huku amevaa kitenge chake cheupe na anasali kabla ya kila tonge, nikaona kwamba siku yake ameishika vizuri kuliko mimi. Chai nilifika kimoja Jumapili asubuhi. Kichwa hakikuuma kabisa, kiliguna kidogo saa tisa kikaacha.

Kiwira tulikwenda Jumapili asubuhi kabla ya mfungo. Kikundi tupo wanane, wakakosekana wawili wa kufikisha kumi, wakajitolea wanawake wawili wa kikoba cha zamani, mmoja ni Mlutheri mwingine Muislamu, wote walikuwa marafiki wa marehemu na wote walikuwa hawajui. Baba yake mzee alituruhusu tukaingia kwenye migomba. Nikasema kwa jina lake, nikataja kiasi, nikataja masweta, nikataja nilivyomjibu binti nyuma ya jiko. Nilidhani nitaaibika mbele ya wale wa kikoba. Yule Muislamu alinishika mkono muda wote. Baba yake marehemu aliposikia hakusema kitu, alikwenda akakata mkungu wa ndizi akaupakia kwenye gari.

Mfungo wenyewe, usiku ulipita, asubuhi ilipita, kuanzia saa nane vumbi la Uyole na lile jua la Septemba koo likawa kama karatasi. Tulisoma Yona saa kumi. Tulipofika kwenye tumekosa, tumesaliti, tumepora, pale kwenye tumepora sauti iliniishia wenzangu wakaendelea kwa niaba yangu. Mkulima nilikukumbuka hapo. Saa kumi na mbili na nusu mzee akasema wenyewe sala hii ya mwisho wanaiita Neila, kufungwa kwa malango, tukasimama wote mpaka nyota. Baragumu la pembe wanalopiga mwishoni hatuna, mtoto wangu alipiga ile vuvuzela ya mpira, mzee hakukataa.

Jana usiku saa tatu binti amenitumia meseji, kaniuliza mama mkwe anaendeleaje na sukari. Hajasema neno lingine na sikumuuliza. Mwezi wa kumi narudi Iringa na wale wawili wa kikoba, wenyewe ndio wameomba kuja. Kuna mtu anafahamu chuo cha uuguzi cha huku nyanda za juu kinachopokea maombi kwa muhula wa Machi, na ada yake inalipwa kwa awamu ngapi? Nataka nijue kabla sijaenda.